Bukini Aliyeonwa na Mmoja

Siku hiyo soko la mji wa Varna lilijaa watu hadi kwenye ngazi, maana sikukuu ilikuwa kesho yake na hakuna nyumba iliyotaka kukosa kabichi ya chumvi. Baridi ilikuwa ile ya kukata masikio. Zornitsa alisimama nyuma ya mapipa ya mama yake, kavaa koti la kiume lililomfika magotini, kitambaa chekundu kichwani, vidole vimewiva kwa maji ya chumvi. Alikuwa anamkamulia mteja kabichi alipomwona mtu anakuja kinyumenyume.

"We kaka! We kaka, mgongo ndio unaokuongoza?"

Hakusikia. Alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, shingoni skafu ya kijivu, begani miguu mitatu ya chuma ya kusimamishia darubini. Macho yake yalikuwa juu kwenye mti. Akageuka, chuma kikageuka naye, mtungi wa pilipili za siki ukaenda chini, pwaa! Harufu ya siki ikatanda mpaka kwa wauza jibini.

"Samahani! Samahani sana, dada. Nilikuwa natazama..."

"Wale ndege wenye shungi, si ndiyo? Wako hapa tangu Jumatatu. Wakimaliza matunda ya mti huo wanahamia ule wa kanisani. Wana tone jekundu kwenye bawa, kama mtu kawadondoshea nta."

Kijana akasahau siki iliyokuwa inaingia viatuni mwake. "Umeliona hilo tone bila darubini?"

"Nina macho. Wewe una miwani, na mtungi hukuuona."

Wateja wakacheka. Kijana naye akacheka, akainama kuokota vigae, na alipoinuka masikio yalikuwa mekundu kuliko zile pilipili. Jina lake Radostin. Kazi yake kutengeneza miwani katika kiduka kilichoko karibu na stesheni ya treni.

"Jumamosi chama chetu cha watazama ndege kinakwenda ziwani Shabla kutazama bata bukini," akasema. "Tunahitaji mtu mwenye macho kama yako."

"Na achari ataniuzia nani?"

"Tunarudi saa nane mchana."

Zornitsa akamtazama juu mpaka chini. "Njoo saa kumi na moja alfajiri. Ukichelewa dakika moja, nimelala."

Hakuchelewa.

Ndivyo walivyoanza. Kila Jumamosi ya baridi ile, kabla jua halijatoka, basi dogo la chama lilisimama kwenye kona ya soko, ndani kuna watu kumi na wawili waliojifunga maskafu, wanapokezana chupa ya chai ya moto na vipande vya mkate wa jibini. Na kila jioni ya wiki simu ililia.

"Zori, umekula?"

"Nimekula. Wewe umeuza miwani ngapi, kipofu wangu?"

"Nne. Leo nimeona kipanga juu ya posta."

"Dume au jike?"

"Jike."

"Uongo. Huyo ni dume, namjua, kila siku anapita juu ya mapipa yetu."

Wanacheka, simu zinapata moto masikioni.

Lakini kwa Zornitsa chama kilikuwa zaidi ya mapenzi. Aliacha shule mapema akaingia kwenye mapipa, na tangu hapo hakuna aliyewahi kumuuliza neno ila bei. Pale chamani watu waliuliza, "Zornitsa, umeona nini?" Akisema, liliandikwa. Kulikuwa na daftari kubwa la jalada la kijani, na neno la mtu likiingia humo lilikuwa neno. Daftari lilikuwa na sheria moja kali: ndege adimu hataki macho mawili, anataka macho manne. Shahidi mmoja hatoshi. Na mtu akikutwa ameandika asichokiona, hata ya nyuma yake yote hutiliwa shaka.

Jumamosi ya kwanza ya Januari walipangwa wawili, Zornitsa na Radostin, kwenye tuta la kaskazini la ziwa. Mbingu ilikuwa safi kama sahani. Maji yalikuwa yameganda pembeni, matete yamevaa theluji, na katikati bukini kwa maelfu wanasemezana. Zornitsa alikuwa ameinama kwenye darubini, pumzi inamtoka kama moshi.

"Rado! Tazama, upesi! Wa tatu kutoka kushoto. Yule mdogo. Paji jeupe linapanda mpaka utosini, na jicho limezungukwa na njano. Unamwona?"

"Eeh," akasema Radostin.

"Ni yeye, si ndiyo? Yule mdogo adimu?"

"Eeh."

Mbali shambani bunduki ya mwindaji ikalia, kundi zima likainuka kwa kishindo, na ziwa likabaki tupu. Zornitsa alimrukia shingoni. Miaka tisa chama hakijamwandika ndege huyo, na yeye, muuza kabichi, ndiye aliyempata!

Alhamisi walikutana katika chumba cha chama, juu ya duka la nyuzi. Zornitsa alivaa gauni la buluu la sufu, nywele kazisuka. Jiko la kuni lilikuwa linanguruma. Mwenyekiti, Bi Stoyanka, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya mtaa, akafungua daftari.

"Bukini mdogo wa paji jeupe, mmoja. Mwonaji Zornitsa. Jicho la pili?"

"Rado," akasema Zornitsa. "Tulikuwa bega kwa bega."

"Radostin, ulimwona?"

Radostin akatazama mikono yake. Watu wote wakamgeukia, na mbele yao alikuwepo Metodi, dereva wa basi, mwenye ulimi unaokata kama mkasi wa fundi.

"Sikumwona," akasema.

Zornitsa akadhani hakusikia vizuri. "Ulisema eeh. Mara mbili!"

"Nilisema. Lakini sikumwona."

"Sasa ulikuwa unatazama nini, baba?" akauliza Bi Stoyanka.

Radostin akatoa neno la kwanza lililompitia. "Ukungu. Kulikuwa na ukungu."

Kila mtu chumbani alikuwepo ziwani siku ile. Hakuna aliyeona ukungu.

"Alaa!" akasema Metodi. "Basi dada yetu macho yake yanapenya ukungu ambao haukuwepo. Wageni ndio huanza hivyo. Mwaka ujao atatuletea mbuni."

Kicheko kikapasuka. Zornitsa akasimama, akavaa koti taratibu, kifungo kwa kifungo, huku machozi yanamchoma. "Nimeitwa mengi sokoni," akasema. "Mwongo, hii ni mara ya kwanza." Hakumtazama Radostin. Viatu vyake vikasikika ngazini, kisha mlango wa barabarani ukajibamiza.

Usiku huo simu ya Zornitsa ililia mara kumi na saba, akaifunika kwa mto.

Ijumaa asubuhi Metodi alifika dukani, kashika miwani iliyovunjika mkono. Aliona uso wa Radostin, akaacha utani.

"Umekuwa kama maiti, bwana. Kwa bukini?"

"Kwa yeye."

"Basi tia sahihi! Sema umekumbuka. Neno lako lina miaka kumi na mmoja daftarini, nani atakuuliza? Kesho ni hesabu kubwa ya majira ya baridi, jioni orodha ya ndege inatumwa kwa wanaohesabu nchi nzima. Leo ndiyo siku."

Radostin alikataa kwa kichwa. Lakini kufikia saa sita miguu ilishamfikisha kwa Bi Stoyanka. Mama yule akampa daftari na kalamu, akamkazia macho. Akatia sahihi. Alipotoka nje akapiga simu, na safari hii ikapokelewa. Upande wa Zornitsa kulisikika kelele za soko.

"Zori, mpenzi, usikate. Bukini wako ameingia. Nimetia sahihi."

"Umekumbuka kwamba ulimwona?" Sauti ya Zornitsa ilikuwa na tumaini, na tumaini lile likamuumiza zaidi.

"Zori..."

"Swali jepesi, Rado. Ulimwona au hukumwona?"

"Sikumwona. Lakini wewe ulimwona, na mimi nakuamini. Inatosha."

"Inatosha?" Akashusha sauti ili wateja wasisikie. "Yule alikuwa bukini wa kweli. Nilimwona anageuza shingo. Jana alikuwa na shahidi mmoja mkweli. Leo ana mkweli mmoja na mwongo mmoja. Unajua pipa la kabichi huozaje? Huanza na kichwa kimoja tu, cha chini kabisa, kisichoonekana."

"Nimefanya kwa ajili yako!"

"Nilikuomba? Nilichotaka ni useme macho yako yalikuwa wapi siku ile. Umeshindwa. Kesho nakuja Shabla mwenyewe, nimwambie Bi Stoyanka amfute bukini yule."

"Ukimfuta watasema kweli ulidanganya. Hutapewa tena kituo cha kuhesabia."

"Na waseme."

Akakata.

Jumamosi, mbingu ikianza kupauka, chama kilikusanyika kando ya basi pale ziwani. Upepo ulitoka baharini moja kwa moja, unaingia hata kwenye meno. Watu walipigapiga miguu chini. Gari la kubebea kabichi likaja likiyumba kwenye barafu, likasimama, akashuka Zornitsa, uso umekaza kama ngumi. Akaenda moja kwa moja kwa Bi Stoyanka.

"Bi Stoyanka, nina neno."

"Ngoja," akasema Radostin. Akajitokeza mbele, akavua kofia sijui kwa nini, upepo ukamvuruga nywele. "Nianze mimi. Sahihi niliyotia jana ni ya uongo. Sikumwona yule bukini."

Metodi akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

"Unajua unachokisema?" akauliza Bi Stoyanka. "Kumi na mmoja, Radostin. Miaka kumi na mmoja ya maandishi yako."

"Najua. Na ukungu pia ulikuwa uongo." Akaikunja kofia mkononi. "Uliniuliza nilikuwa natazama nini. Nilikuwa namtazama yeye. Alikuwa na theluji kwenye kope na hakuifuta, kwa sababu hakutaka kumpoteza ndege. Akasema tazama, nikasema eeh, na mimi natazama kweli, ila upande mwingine. Nilipogeuka walikuwa wamesharuka. Nikaona aibu kuwaambia. Nikaona heri aonekane yeye kituko kuliko mimi. Ndilo kosa langu, na si la yule bukini."

Hakuna aliyecheka. Hata Metodi.

Bi Stoyanka alifungua daftari juu ya boneti la basi, akavua glavu kwa meno, akapiga mstari juu ya sahihi ile, mstari mmoja mnene.

"Sikilizeni. Radostin, mpaka korongo warudi baada ya baridi, hutaandika kitu humu. Na yale ya zamani nitayapitia moja moja. Nitakayoyatilia shaka yatatoka."

"Sawa, mama."

"Zornitsa, mwanangu. Bukini wako ana macho mawili tu, kwa hiyo kwenye orodha haendi. Sheria ni sheria. Lakini simfuti. Nimeandika hapa pembeni: mwonaji amesimama kwenye neno lake. Na tuta la kaskazini ni lako. Utalihesabu?"

Zornitsa alijiandaa kwa matusi, kwa hilo hakujiandaa. Akaitikia kwa kichwa.

"Na huyu?" akasema Bi Stoyanka, anamwonyesha Radostin kwa kalamu. "Anaweza kuhesabu kwa sauti, ila mwingine aandike na amchunge. Nani anamchukua?"

Watu wakatazama viatu vyao. Upepo ukavuma. Radostin akasimama pale na kofia yake mkononi, kama mtoto aliyebaki wa mwisho michezoni, na mashariki mstari wa mwanga ukazidi kupanuka.

"Nipeni penseli," akasema Zornitsa.

Wakaenda kwenye tuta, yeye mbele, Radostin nyuma na miguu yake ya chuma. Theluji ilikuwa inalia chini ya viatu.

"Sijakusamehe," akasema bila kugeuka.

"Najua."

"Ungeniambia tu. Hata sikioni."

"Niliogopa wangenicheka."

"Wangekucheka. Halafu?"

Wakasimika darubini. Radostin akainama, akaweka jicho. Ziwani bukini walikuwa wameshaanza kuinua shingo, kelele zinapanda, zinapanda, mpaka maji yote yakawa kama yanachemka. Kisha wakaruka. Safu juu ya safu zikapita juu ya vichwa vyao, na mlio wao uliwaingia kifuani.

"Hesabu!" akapiga kelele Zornitsa.

"Hamsini... mia... mia na hamsini..."

"Wale wa mbele?"

"Wenye kifua chekundu! Ishirini na wawili. Ishirini na watatu!"

Zornitsa akawatafuta kwa darubini yake ya mkononi. Ishirini na watatu kamili. Akaandika. Akasogea karibu, kwa sababu ya upepo, au si kwa sababu ya upepo, bega lake likagusa bega la Radostin.

"Rado."

"Naam."

"Saa hii mimi nimekasirika au natabasamu?"

Radostin hakuinua jicho kutoka kwenye darubini. "Sijui, kipenzi. Natazama bukini."

"Vizuri," akasema Zornitsa, akalamba ncha ya penseli. "Endelea. Tuko mia nne na ngapi?"