Jiwe la Kununulia

Jirani yetu, tuliyemwita Bwana Mizani, alikuwa mtu wa utani na salamu nyingi. Alinunua maharage kwa wakulima kwa mizani ya kale aliyorithi kwa baba yake: ufito wa chuma uliotundikwa kwenye boriti, na sahani mbili za shaba. Mawe ya kupimia yalikuwa mawili, yamefanana kama pacha. Moja la kuuzia, moja la kununulia. Hilo la kununulia marehemu baba yake alilitoboa chini, akalijaza madini ya risasi liwe zito.

Bibi mmoja tu ndiye aliyeng'amua. Alikuwa mbeba mizigo tangu usichana wake. Siku alipoleta maharage yake, aliitazama sahani, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, shingo yangu inasema umenipunja."

Bwana Mizani akamjibu kwamba shingo ikizeeka hulalamika hata ikibebeshwa kitambaa. Watu wakaangua kicheko. Bibi akaokota ngata yake ya kubebea mizigo, akaikung'uta, akaiweka kichwani bila mzigo na kuondoka. Msimu haukuisha, akafariki.

Aibu ilimwingia Bwana Mizani palepale makaburini, bibi alipozikwa. Lakini mazoea yana taabu. Kesho yake alifungua duka na jiwe lilelile.

Binti wa yule bibi alikuja na gunia la maharage mchana kweupe, duka limejaa watu. Bwana Mizani akaweka jiwe upande mmoja. Sahani ya pili ilikuwa bado tupu.

Ikashuka.

Akaipangusa kwa kiganja. Ikashuka tena. Upepo haukuwepo. Kisha sauti, karibu kabisa na sikio lake.

"Pima, mjukuu."

Jiwe likapaa, likabinuka, likaanguka sakafuni. Risasi ikachomoka, ikabingirika hadi miguuni mwa binti. Akaiokota, akamwonyesha kila mtu. Bwana Mizani alitamani ardhi ipasuke immeze.

Mizani ile aliitupa mtoni. Alipita nyumba kwa nyumba akiomba radhi, macho chini, na watu walimsamehe, au walisema hivyo.

Baadaye alikwenda kunyoa. Bwana Mizani hakuwahi kujitwika hata ndoo ya maji. Kinyozi alipitisha mashine, akasita, akamgusa utosini kwa kidole.

"Kaka," alinong'ona, "siku hizi unabeba nini?"

Nywele zilikuwa zimelika kwa duara, upana wa ngata, na ngozi ya hapo ilikuwa sugu kama ya mtu aliyebeba mizigo tangu utotoni.