Hedfoni Zinavuja, Sitati

Jumamosi hiyo duka la vifaa vya umeme kando ya Kenyatta Avenue lilikuwa limejaa hadi mlangoni. Jepleting, gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe, alisimama mbele ya ukuta mzima wa hedfoni asijue aanzie wapi.

"Boss, nataka kitu ya kudumu," alimwambia muuzaji. "Ya gemu na muvi. Zile za mwisho zilivunjika nikipiga chafya."

"Zote zinadumu, madam."

"Zote?"

Muuzaji akarudia simu yake. Nyuma yao mtu akacheka. Alikuwa kijana mrefu, shati la drafti, ndevu zimechongwa vizuri mpaka Jepleting akasahau kukasirika.

"Hizo za plastiki achana nazo," kijana alisema. "Shika hii. Hapa kichwani ni chuma, waya unachomoka, ukikatika unanunua waya peke yake."

"Na haya matundu nyuma? Si zimeharibika?"

"Ziko wazi makusudi. Sauti inapumua. Kwa gemu unajua adui anatokea wapi, na masikio hayatoi jasho. Shida ni moja, zinavuja. Mtu akiwa karibu anasikia unachosikia. Kama una siri, usinunue."

"Mimi sina siri. Wewe?"

"Mimi ninazo hizi hizi nyumbani."

"Hujajibu swali!"

Alikuwa Sitati, mhasibu wa kiwanda, ambaye babu yake aliletwa Nakuru na kazi ya reli. Jepleting alikuwa karani wa kliniki ya meno na alikaa mtaa wa Section 58 na rafiki yake Mitchelle. Hedfoni zilinunuliwa, namba zikapeanwa, na mapenzi, wee, yakashika.

Mchana walikutana kwa chipsi. Jioni kila mmoja akiwa kwake walicheza gemu, halafu wakaangalia kipindi kimoja cha mapenzi kilichotafsiriwa Kiswahili. Walipigiana simu, wakahesabu "moja, mbili, tatu," wakabonyeza pamoja.

"Ukiangalia mbele bila mimi tumeachana," Jepleting alimwonya.

"Beib, mimi? Siwezi."

Kabla mahindi hayajaanza kuvunwa, Jepleting alimwambia baba yake, mzee Kosgei wa Elburgon, kwamba Jumapili ataleta mgeni. Kwao binti haleti mgeni wa kiume mara mbili; anayeletwa ndiye mchumba. Mzee hakuuliza mengi, ila mbuzi wa kumchinjia mgeni akafungwa kando.

Alhamisi jioni akampigia Sitati kumwambia avae koti, Elburgon ni baridi. Simu ikapokelewa. Na kabla Sitati hajasema haloo, sauti ya mwanamke, laini kama siagi, ikasikika wazi: "Mpenzi, ukija usigonge. Mlango uko wazi."

Jepleting akaibana simu sikioni.

"Sitati. Huyo ni nani?"

"Nani? Hakuna mtu."

"Nimesikia!"

"Ni... ni jirani. Anaita mtoto."

"Anaita mtoto mpenzi?"

Mwanamume mwenye akili timamu, mhasibu, akajifanya anakohoa. Jepleting akakata.

Alijaribu kufikiria ni redio. Alijaribu kufikiria ni kipindi chao, lakini sauti zote za kile kipindi alizijua kama za shangazi zake, na hiyo haikuwemo. Na kama ni kitu kidogo, mbona amedanganya? Sitati akapiga, akapiga tena, akatuma ujumbe: "Jep wangu, naomba nikueleze." Hakujibu. Ijumaa kazini aliwaandikia wagonjwa wawili saa ile ile, na nusura ampigie baba yake amwambie mbuzi afunguliwe. Alimpenda huyo mjinga, hilo ndilo lilimuuma.

Jumamosi mchana, kwa hasira tu, akavaa hedfoni akafungua kipindi peke yake. Na yeye avunje ahadi, kwani nini! Akaona sehemu yote waliyokuwa wameifikia ikiisha, akaendelea na inayofuata. Mhusika mpya akaingia, gauni jekundu, nywele mpaka kiunoni. Akafungua mdomo.

"Mpenzi, ukija usigonge. Mlango uko wazi."

Jepleting akaganda.

"Ai, Jep!" Mitchelle aliita kutoka jikoni, mwiko mkononi. "Huyo mwanamke anaita nani? Nasikia mpaka huku!"

Jepleting akavua hedfoni, akayatazama yale matundu. Akaanza kucheka, halafu akalia kidogo, halafu akacheka tena. Mitchelle akarudi kwa ugali wake, ameshindwa kuelewa.

Akampigia Sitati; simu haikuita hata mara moja kamili.

"Jep?"

"Ulikuwa umeziweka shingoni, si ndiyo? Hukuzima kipindi."

"Ngoja... umejuaje?"

"Umeangalia mbele, Sitati!"

Kijana akahema. "Sehemu tatu. Nilishindwa kungoja. Na wewe ulisema tutaachana, nikaogopa, nikasema jirani. Aki nisamehe."

"Nilikuwa nimeamua una mwanamke. Karibu nikuache kwa sababu ya uwongo wako wa kijinga. Siku nyingine sema ukweli, hata kama ni aibu. Mimi hizo hedfoni naweza kubadilisha waya. Wewe sina spea."

"Nitasema. Kila kitu. Hata... yule wa gauni jekundu, ujue, anakuja kuwa..."

"Nyamaza! Usiniambie!"

Wote wakacheka mpaka Mitchelle akagonga ukuta.

"Sasa kesho?" Sitati aliuliza, sauti imeshuka. "Bado naruhusiwa Elburgon?"

"Mbuzi bado amefungwa. Leta koti. Na leo jioni kuja kwangu, tuangalie pamoja, hedfoni zikae kando."

"Nikifika nifanye nini?"

Jepleting alikuwa tayari ameenda kutoa komeo.

"Usigonge," akasema.