Gundi ya Kona ya Nne

Kila siku akitoka shule, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake, fundi wa vioo, kabla ya kwenda nyumbani. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alifagia huku akisimulia ya darasani, mpaka shangazi acheke na kusema, "Mwanangu, vuta pumzi kidogo."

Juma hilo habari ilikuwa moja tu: kobe wa klabu ya sayansi. Baridi ilikuwa imempiga, akawa anatoka makamasi na kukataa kula. Daktari wa mifugo alisema anahitaji kasha lenye taa ya joto, tena mapema. Chiriku akajitolea kulijenga, na shangazi akampa mbao, vioo na tyubu ya silikoni, gundi ya kuzibia kona za vioo.

"Hii ni silikoni tupu. Haina dawa ya ukungu inayodhuru wanyama, na haiogopi joto," alimweleza. "Ikiwa mbichi hunuka siki, kwa hiyo iache ikauke siku mbili. Kisha tutawasha taa kasha likiwa tupu, tunuse. Mpangaji haingii kabla nyumba haijakaguliwa."

Chiriku aliziba kona tatu kwa uangalifu, ncha ya ulimi ikiwa nje. Alipofika ya nne, silikoni ikaisha. Shangazi alikuwa ameenda kwa mteja. Rafuni palikuwa na kopo la gundi ya viatu, ile inayoshika kufumba na kufumbua.

"Kona moja tu," alijiambia. "Nani atajua?" Akapaka.

Siku mbili baadaye, wanaklabu sita walijaa mlangoni wakisukumana. Mwanya, mvulana aliyeng'oka jino la mbele, alimbeba kobe ndani ya beseni. Alikuwa amemfunika kwa sweta lake, yeye mwenyewe akitetemeka.

"Washa, shangazi! Washa!"

Taa ikawaka, kasha zima likang'aa.

"Hii ni hoteli!" mmoja akapiga kelele. "Nikiugua mnilaze humu!"

Shangazi alisubiri nusu saa, akafunua kifuniko, akaingiza pua.

"Kuna harufu."

"Ni siki, shangazi," Chiriku akawahi. "Si ulisema silikoni mbichi inanuka siki?"

"Siki naijua. Hii inanuka duka la viatu. Au pua yangu imezeeka?"

"Harufu kidogo tu hiyo," Mwanya akasema. "Tumwingize jamani, anaumwa!" Tayari alikuwa amemwinua kobe.

Chiriku akamtazama mgonjwa. Macho yalikuwa yamefumba, puani kuna povu.

"Usimwingize!" akapaza sauti. "Pua yako haijazeeka, shangazi. Ni mimi. Silikoni iliisha, kona ya nne nikapaka gundi ya viatu."

"Chiriku!" Mwanya akanung'unika. "Umetuangusha kweli."

Shangazi akaigusa kona ile kwa ukucha. Gundi ikavutika kama uzi.

"Joto linailainisha, inatoa mvuke mbaya," alisema. "Angelala humu akiuvuta usiku kucha."

Machozi yakamlengalenga Chiriku. Lakini shangazi hakufoka. Alijaza chupa maji ya uvuguvugu, akaiviringisha kwa mtandio wake, akaiweka ndani ya beseni ubavuni mwa kobe.

"Mgonjwa kwanza, lawama baadaye," akasema. Kisha akatoa wembe na tyubu mpya. "Haya, gundi hii itoke yote. Mimi nakata, nani ananisaidia kukwangua?"

Mikono yote ikainuka, hata wa Mwanya.

Kona ikazibwa upya kwa silikoni, na kwa siku mbili ilipokuwa ikikauka walipokezana kubadilisha maji ya chupa. Taa ilipowashwa tena, shangazi alimwita kila mmoja anuse.

"Hakuna kitu!" wakashangilia.

Kobe akaingizwa. Walibana pumzi wakimtazama. Baada ya muda mrefu akatoa shingo, akasogea kwenye jani la kabichi, akaling'ata. Karakana ikalipuka kwa vifijo. Mwanya akamkumbatia Chiriku hadi miguu ikaacha sakafu.

"Siku nyingine silikoni ikiisha, niambie, nitaleta nyingine," shangazi alimwambia Chiriku, akimfuta vumbi shavuni. "Kazi ikikosewa, tunaikwangua na kuirudia. Lakini kosa lililofichwa, tutalikwangua wapi? Huyu anakula leo kwa sababu ulisema ukweli kabla hajaingia." Akamtazama kobe akitafuna taratibu, akatabasamu. "Na mpangaji mwenyewe wala hana haraka. Wewe ulikuwa unakimbilia wapi?"