Kivuli cha Birika

Kila alipotoka shule, Chiriku alipitia ofisini kwa shangazi yake, akafuta vumbi kwenye meza, kisha akaketi kujifunza kazi. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Shangazi alikuwa fundi wa kuunganisha picha za video. Alizipanga tabaka juu ya tabaka, mpaka mtazamaji adhani zote zimepigwa na kamera moja.

Siku hiyo walikuwa na filamu fupi ya zahanati, ya kuhimiza watu wachemshe maji ya kunywa. Meza ilikuwa ya kweli, lakini birika lilichorwa kwa kompyuta. Shangazi alitoka kumpokea daktari aliyekuja kuiona kazi, akamwachia Chiriku aliweke birika mezani.

Chiriku alipofungua faili, alishtuka. Birika lilielea kama puto. Halikuwa na kivuli!

"Jana kilikuwepo," alinong'ona. "Nilikiona kwa macho yangu."

Akageuka kumtazama binamu yake kwenye kompyuta ya pembeni. Binamu alihamia kwao tangu mama yake alazwe hospitalini. Alikuwa mkimya, na sasa ukimya huo ulimtia Chiriku shaka. Mbona jana alibaki ofisini peke yake? Mbona kila akisogelewa hufunga haraka anachokitazama? Hata sasa alikuwa amekikinga kioo kwa mabega.

"Wewe, uligusa faili la birika?"

"Nililifungua tu. Sikubadilisha kitu."

"Aha! Kumbe uliligusa! Unataka shangazi aone sijui kazi, siyo?"

Mlango ukafunguliwa. Shangazi aliingia na daktari.

"Shangazi, huyu amefuta kivuli!" Chiriku alipaza sauti.

Binamu alisimama, machozi yakimlengalenga, akachukua mkoba wake. "Nitamwambia baba anirudishe nyumbani."

"Kaa kwanza, mwanangu," shangazi alisema. Kisha akamgeukia Chiriku. "Kabla ya kumtaja mtu, ulitazama ndani ya faili?"

"Nimeona birika tu."

"Umeona rangi zake tu. Faili hili limebeba picha nyingi kwa pamoja: rangi, mng'ao, kivuli, hata umbali wa vitu kutoka kwenye kamera. Kila moja ina chaneli yake, yaani nafasi yake ndani ya faili. Ukilifungua, rangi ndizo hujitokeza. Zilizobaki unazitoa mwenyewe."

Alinakili tabaka, akaliwekea zana ya kuchomoa chaneli, akachagua kivuli. Kioo kikawa cheupe, chenye doa la kijivu. Alipolichanganya na picha ya chini, weupe ukatoweka na birika likatua mezani, zito kabisa.

"Jana nilikuwa nimekichomoa mimi. Leo umelifungua faili upya, ndiyo maana umeona rangi tu."

Chiriku alisogea, akakitazama kivuli kilichokuwa chini ya birika.

"Wagonjwa wangu nao ni hivyo hivyo," daktari alisema. "Mtu anaharisha, kabla sijampima ameshanitajia jirani aliyemtilia kitu. Nikipima, ni maji machafu."

Chiriku akamwendea binamu yake. "Nisamehe. Nimekusingizia."

Binamu alisita, halafu akafungua ukurasa aliokuwa akiuficha. Ulieleza ugonjwa wa mama yake. "Sikutaka mjue kwamba naogopa," alisema.

Daktari alivuta kiti. "Hayo yaliyoandikwa hapo yatakuchanganya. Niulize mimi."

Wawili hao waliongea kwa muda mrefu. Polepole mabega ya binamu yakalegea, na hata akacheka.

Shangazi alimsogeza Chiriku karibu naye.

"Picha tungeirekebisha hata kesho," alimwambia. "Lakini mtoto huyu alikuwa anaondoka nyumbani kwetu na jina la mharibifu, kwa kosa ambalo hakulifanya. Ukikuta kitu kimepotea, kitafute kwanza. Usimtafute mtu wa kumlaumu. Na umwonapo mwenzako anajificha, muulize kwa upole. Pengine ana jambo linalomlemea."