Kitabu Alichoamriwa Kukisifu

Duka la vitabu lilikuwa limefurika watu na kiyoyozi kimegoma. Fundi akapanda ngazi, akafungua kifuniko, maji yakamwagika pwaa juu ya muuzaji aliyekuwa akipita chini.

"We fundi! Mimi nimeshaoga!"

Gauni la kijani lilikuwa limemkaa vizuri. Kilemba cha njano sasa kilichuruzika. Vitabu vipya alikuwa amevikumbatia visilowe.

"Samahani dada'angu. Nifanye nini unisamehe?"

"Soma." Akampa kimoja. "Kuna binti anafuga radi chunguni. Ukikosa usingizi usinilaumu."

Alikosa. Akarudi, akapewa cha ndugu wawili wanaovuka jangwa kwa baiskeli mbovu. Kisha cha mapishi, ambacho walikipika pamoja jikoni kwa fundi, wakiunguza na kucheka. Siku wasizoonana, simu hazikupoa.

"Mpenzi, kitunguu nakikata vipi?"

"Kwa kisu, mume mtarajiwa!"

"Wa nani?"

"Kata kitunguu wewe."

Lakini mapenzi nayo hayakosi bosi wa kuyaharibu. Meneja wa duka alikuwa na shemeji, shemeji akaandika riwaya ya kihistoria, amri ikatoka: kila mteja asifiwe riwaya hiyo, muuzaji asiyetaka afungashe virago. Wakubwa ndivyo walivyo. Kusoma hawasomi, kuamuru hawachoki. Muuzaji alikuwa na mama mgonjwa wa kumlisha. Akaisifu, hata kwa fundi, meneja akiwa amemsimamia mgongoni.

"Mfalme anavaa viatu sura nzima!" fundi alifoka kwenye simu. "Na wewe uliniambia nitalia!"

"Nisikilize, mpenzi..."

"Kama kwenye kitabu unanidanganya, ukisema unanipenda nitajuaje?"

Akakata. Akapigiwa, hakupokea. Mjinga yule. Mwanamke anayekuchagulia vitu mshukuru akiwa hai. Ukishamzika, utajichagulia mwenyewe mpaka uchoke.

Siku ya kutambulisha vitabu vipya, vipaza sauti vilifungwa hadi nje. Fundi alikuwa duka la dawa ng'ambo ya barabara, akitengeneza jokofu, aliposikia sauti anayoijua.

"Wateja wangu, riwaya hii niliamriwa kuisifu. Niliisifu kwa kuogopa kufukuzwa, hata kwa mtu ninayempenda. Msiinunue. Mkitaka historia, chukueni hiki cha mhunzi aliyekataa kumfulia mfalme minyororo. Nilikisoma nikalia kwelikweli."

"Umefukuzwa!" meneja akapayuka, suti ikimbana.

"Ngoja kwanza, baba," mama mmoja akamkatiza. "Wewe umeisoma hiyo riwaya?"

Meneja akamtazama shemeji. Shemeji akatazama sakafu. Duka zima likaangua kicheko, na foleni ikajipanga mbele ya muuzaji mpaka barabarani. Mwenye duka, ambaye haki haijui ila foleni anaielewa, akamwita meneja pembeni.

"Huyu dada haendi popote. Wewe kabebe maboksi."

Fundi naye alikuwa amepanga foleni, bisibisi mkononi. Zamu yake ikafika.

"Kaka, unatafuta kitabu gani?" muuzaji akauliza bila kutabasamu.

"Nilikukatia simu kama mtoto. Nisamehe. Natafuta mke."

"Mbele za watu, na grisi mikononi?"

"Hivi hivi."

"Mkubalie basi, foleni isogee!" yule mama akapiga kelele.

"Nimekubali!" Muuzaji akamvuta shati, akambusu shavuni, kisha akamsukuma. "Pita huku nyuma unisaidie kufunga vitabu. Haya, anayefuata!"