Kinywa cha Pili

“Elfu makumi sita? Ya esansi?” Mama Françoise alipiga makofi, akawageukia akina mama wengine wodini kana kwamba anatafuta mashahidi. “Mutoto anazaliwa, munamutia chini ya taa sawa kifaranga, halafu mimi njo nilipe moto?”

“Si mimi ninakunywa hiyo esansi, Mama,” alijibu Gisèle, mkunga wa zamu, aliyeshika dumu tupu la petroli. “Ni gurupe, ile mashine ya umeme. Umeme ya mji haiko. Gurupe ikizima, taa inazima. Taa ikizima, hii manjano itapanda mpaka ndani ya kichwa ya mutoto. Elfu makumi sita njo itatufikisha Jumapili.”

“Okito nilimuzala wakati ya vita, mji umefungwa, risasi inanyesha! Alikuwa manjano kupita huyu. Taa ilikuwa wapi?”

“Na aliponaje?”

Mkono wa Mama Françoise ulishuka hadi kwenye fundo la kitenge kiunoni, alipoficha pesa zake za mawese.

“Alipona tu,” akasema.

Elodie alikuwa amelala kitandani, akiwasikiliza wawili hao wakimpimia mwanawe bei. Ilikuwa mimba yake ya kwanza. Mumewe, Okito, alikuwa mgodini, huko mji wa Kama, akichimba dhahabu, na simu yake haikupatikana tangu mvua zianze. Basi uhai wa mtoto ulikuwa ndani ya lile fundo, na fundo lilikuwa kwenye kiuno cha mama mkwe. Bandarini, Mama Françoise alijulikana kwa kikombe chake cha kupimia mafuta, ambacho hakikuwahi kujaa hadi ukingoni, na ukimwambia ajaze anakuuliza kama wewe ndiye uliyepanda michikichi.

Hapo ndipo Elodie aliposikia ziwa lake la kushoto likivutwa.

Lilivutwa taratibu, kama mtu anayechomoa uzi kwenye nguo. Alishusha macho. Kitenge kilikuwa kimelowa duara kifuani. Mwanawe alikuwa kule ng'ambo, juu ya meza, chini ya taa ya buluu, amefungwa kitambaa machoni, mdomo umefumba. Elodie alifunua kifua chake. Kuzunguka chuchu palikuwa na alama ya ufizi mdogo, bado mbichi kwa mate, na mate yale yalikuwa baridi.

Alijifunika tena. Mama mkwe alikuwa bado anagombana, na bila fundo lile hakuna taa.

Tangu kujifungua mambo hayakuwa sawa. Uchungu ulimshika mvua ikipiga mabati, wakampakia kwenye pikipiki, Mama Françoise nyuma amemkumbatia asianguke, na kila shimo la barabara lilimpasua kiuno. Kutwa nzima alizunguka ndani ya chumba cha kuzalia ameshika ukuta. Gisèle alimwambia usisukume, usisukume bado, na mwili wake ukataka kusukuma hata kama dunia ingekatika. Mwishowe akaruhusiwa, akapiga ukelele ambao hakujua anao, na mtoto akateleza akatoka kama samaki anavyoponyoka mkononi. Mtoto wa kiume. Akalia kwa nguvu. Elodie akacheka na kulia kwa pamoja.

Halafu, kondo la nyuma likiwa limeshatoka, mtoto mwingine akalia.

Kilio kilitoka chini ya kitanda. Kilikuwa kikavu, hakina nguvu, cha mtoto aliyelia muda mrefu bila kuchukuliwa. Gisèle alimbonyeza Elodie tumbo: tupu. Akainama, akachungulia. Beseni tu.

“Ni paka,” alisema. Lakini beseni alilivuta kwa mguu, hakuinama tena. Na Mama Françoise, aliyekuwa amesimama pale pale akimshukuru Mungu kwa mjukuu, alikuwa ameshatoka nje.

Manjano ilianza kwenye macho. Ikashuka usoni, ikashika kifua, na siku ya ugomvi ule ilikuwa imefika magotini. Gisèle alibonyeza ngozi ya mtoto kwa kidole gumba, na pale alipoinua kidole palikuwa na rangi ya embe lililoiva. “Anyonye,” alisema kila mara. “Taa inafanya yake, maziwa inafanya yake. Asiponyonya, hakojoe. Asipokojoa, hii haitoke.”

Lakini kila Elodie alipompeleka mtoto kifuani, alikuta maziwa yameshachukuliwa. Matiti yake yote mawili yalikuwa yamelegea kama mifuko iliyomwagwa. Alikunywa uji wa karanga, alikunywa maji ya moto, alikula sombe, mboga ya majani ya muhogo, hadi akachoka. Maziwa ya kopo mtoto aliyatapika. Pélagie, mama wa kitanda cha jirani, alimhurumia akampa mtoto ziwa lake mara moja tu. Usiku uleule akaamka akipiga kelele ameshika kifua, na kulipokucha akahamishia godoro lake upande wa pili wa wodi. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, bila kusema kwa nini. Elodie akabaki peke yake katikati ya vitanda vitupu.

Mama Françoise alilipa nusu. “Elfu makumi tatu, na yenyewe ni nyingi,” alisema. Gisèle alimwambia nusu haitafika Jumapili. Gurupe lilinguruma nyuma ya ukuta hadi jioni ya kesho yake, likakohoa, likanyamaza.

Taa ya buluu ikazima.

Giza lilipoingia Elodie alimkumbatia mtoto, na harufu ikaja kwanza, harufu ya chuma chenye kutu kilichopigwa na jua, na mawese ya zamani, na nepi iliyokauka bila kufuliwa, halafu ikaja sauti, chu, chu, chu, karibu sana, sauti ambayo kila mama anaitamani, nayo haikutoka kwa mtoto aliyekuwa mkononi mwake kwa sababu mtoto yule alikuwa amelala na mdomo wazi, analegea, anapumua kama anakumbuka mara moja moja kwamba anapaswa kupumua, na Elodie, badala ya kupiga kelele, alipeleka mkono wake huru taratibu hadi kifuani, upande wa kushoto, vidole vyake vikagusa nywele laini kidogo, na utosi, na utosi ule ulikuwa umebonyea kama kijiko, umekauka, unapiga.

“Mama,” alinong'ona. “Mama, amuka.”

Mama Françoise alikuwa amelala mkekani chini ya kitanda. “Nini?”

“Iko mutoto hapa.”

“Mutoto ni wako.”

“Wangu ninamushika. Iko mwingine.”

Kisha Elodie akamsikia mama mkwe akivuta pumzi kwa pua, mara moja, mara mbili, kama anayenusa mafuta kujua kama yameharibika. Alipojibu, sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, ndogo.

“Usimuguse. Usiseme naye. Na asikuulize niko wapi.”

“Unamujua?”

Mama Françoise alivuta kitenge akajifunika kichwa. Alijikunyata chini pale hadi kulipopambazuka, na kulipopambazuka alikimbia. Yeye aliyelalamikia bei ya esansi alikwenda kumwita mwalimu Abdallah, aliyesomea watu wenye majini, akamwahidi mbuzi jike na kila kitu kilichokuwa ndani ya fundo.

Mwalimu alikuja na msala, ubani na sahani ya kombe. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi. Gisèle hakufurahi. “Muda iko inapita, mwalimu. Huyu mutoto anataka taa.” Naye akajibu, “Nitafanya haraka, dada.” Akamnywesha Elodie maji ya kombe, akaweka mkono hewani juu ya kichwa chake, akasoma.

Mwanzoni Elodie alisikia kizunguzungu tu. Kisha ulimi wake ukainuka wenyewe ndani ya kinywa. Alitaka kuuzuia, ukamshinda, na sauti ya mwanamke asiyemjua ikatoka kwake, imetulia, kama ya jirani anayesalimia juu ya ua.

“Françoise. Umenenepa.”

Mama Françoise alirudi nyuma hadi akagonga ukuta.

“Ni nani weye?” aliuliza mwalimu.

“Anne. Tulikuwa naye ndani ya wagoni, kwenye reli, wakati treni haikutembea tena na watu walijificha mule. Mimi na wangu, yeye na wake. Maziwa yake ilikataa kuja, sababu ya njaa. Wake alikuwa manjano, analala tu, sawa huyu. Nikamwambia, mulete. Ziwa moja ya wangu, moja ya wako. Akasema, Anne, yangu ikikuja, na weye ukianguka, nitamufanyia wako vilevile. Mwambie aseme kama ni uongo.”

“Uongo!” alisema Mama Françoise. “Majini ni waongo!”

“Nikaanguka. Risasi ilipita kwenye ubao. Nilikuwa bado ninaona wakati maziwa yake ilikuja. Blauzi ililowa mbele. Wangu alikuwa karibu yake, analia. Akaangalia wangu, akafunga kifungo.”

“Ilikuwa vita!” Sasa Mama Françoise alikuwa anapiga kelele, na wodi nzima ilisikia. “Maziwa ya wawili haikukuwa! Wangekufa wote!”

“Kwangu ilikuwa ya wawili,” ilisema sauti. “Na sikukuwa nimekula kukupita.”

Elodie alilia huku kinywa chake kikiongea. Machozi yalikuwa yake.

Mwalimu Abdallah alikunja msala wake. Mama Françoise alimshika kanzu. “Mufukuze! Nitaongeza mbuzi wa pili!”

“Mama, mimi ninafukuza wale wanaingia kwa watu bure. Huyu mulipeana naye ahadi.” Akaitoa mikono ya mama yule kwenye kanzu, kidole kimoja kimoja, bila hasira. “Shika mbuzi yako.”

Akaondoka. Ulimi wa Elodie ukarudi kuwa wake, una ladha ya kutu. Akamtazama mwanawe. Manjano ilikuwa imefika nyayoni. Alimfinya kisigino alie, hakulia. Alimpapasa shavu, hakugeuka. Shingo ilikuwa imeanza kukakamaa kwa nyuma, na Gisèle alipoona hivyo aligeuza uso.

Tangu aolewe, Elodie hakuwahi kumtazama mama mkwe machoni. Alimpigia magoti akimpa maji. Sasa alinyoosha mkono, akashika lile fundo, akalifungua mwenyewe, na noti akampa Gisèle bila kuhesabu. “Esansi,” alisema. Kisha akasogea kitandani akaacha nafasi upande wa kushoto. “Mama, panda.”

“Elodie, mutoto wangu, mimi ni muzee. Mule hamuna kitu.”

“Yule wa Anne hakuulize kama iko kitu. Anauliza yake.”

“Ataniua.”

“Huyu anakufa sasa. Panda.”

Labda ni aibu ya wale akina mama waliokuwa wanatazama. Labda ni kwamba mjukuu yule alifanana na Okito wa wagoni, rangi kwa rangi. Mama Françoise alipanda. Alilala chali, akafungua vifungo vya blauzi, akang'ata ncha ya kitenge. Harufu ya chuma ilimpita Elodie usoni, kama mtu anayevuka kitanda kwa magoti. Chu, ilisema. Chu, chu. Mama Françoise alikunja vidole vya miguu. Kilichomtoka kikalowesha shuka hakikuwa maziwa wala damu. Kilikuwa maji membamba ya manjano.

Na kifua cha Elodie kikajaa. Kilijaa ghafla, kwa maumivu, kikagonga kama moyo. Alikamua matone kwenye mdomo wa mwanawe, tone, tone, hadi koo dogo likacheza. Nyuma ya ukuta gurupe likanguruma. Taa ya buluu ikawaka. Mtoto akameza, akameza tena, na jioni akakojoa, na Gisèle akashika nepi ile mbichi juu kama bendera, akacheka peke yake.

Manjano ilianza kushuka, ikaacha macho, ikaacha uso. Kila siku Mama Françoise alilala kushoto, na kila siku alizidi kupungua. Mashavu yaliingia ndani. Weupe wa macho yake ukageuka rangi ya mawese.

Asubuhi ya kurudi nyumbani, wakati Elodie ananyonyesha, mama mkwe aliteremka kitandani, akafunga vifungo hadi shingoni, akatafuta ndala zake.

“Inatosha,” alisema. “Nimelipa. Minaenda kwa ndugu yangu kule Kibombo, nipumuzike.”

Alifika mlangoni. Maziwa ya Elodie yakakatika hapohapo. Mtoto aliachia chuchu, akatafuta, akalia. Na upande wa kushoto, taratibu, kitu kikaanza kuvuta uzi.

“Mama,” aliita Elodie.

“Niachilie, mutoto wangu. Miezi ngapi Okito alinyonya kwa Anne? Ni miezi tu. Kidogo.”

Elodie alingoja kusikia kama kuna mwingine atakayetumia kinywa chake. Hakukuwa na mtu. Kilikuwa chake peke yake.

“Rudi kitandani, Mama. Fungua blauzi. Lipa.”