Ng'ombe Wasio na Vichwa Sebuleni Kwangu

Niliporudi kutoka sokoni Majengo, binti yangu Yusra alikuwa juu ya stuli, mkasi mkononi... anawakata vichwa ng'ombe wangu.

Usishtuke, msomaji. Ni ng'ombe wa karatasi. Lakini niliumia.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nina diploma ya mifugo ya chuo cha Mpwapwa, na serikali ilikuwa imenipunguza kazini. Siku ninaondoka, ofisi ilikuwa inatupa mabango ya zamani ya kufundishia: dume la ng'ombe wa Mpwapwa, mbuzi, kuku, kondoo wa mkia mnene. Rangi zimefifia vizuri. Nikaomba, nikapewa, nikapamba sebule nzima.

Baba yake Yusra alikuwa ameshafariki. Kuta zile ndizo zilizonikumbusha kuwa nami niliwahi kuwa mtu kazini.

"Yusra, unafanya nini?"

"Mama, kesho wanakuja kuniposa. Shangazi yake Abdulrazaki kasema haingii nyumba yenye picha za viumbe. Bila kichwa si kiumbe tena."

Nilikuwa nimechoka. Sikubishana na dini.

Kesho yake watu wa Abdulrazaki, mchumba wake, wakaja kutoka Kondoa. Shangazi mwenyewe, Bi Stara, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, aliomba mahali pa kuswali alasiri. Nikampa chumba changu. Aliporudi sebuleni akatazama ukuta muda mrefu.

"Mama Yusra, nani kawafanyia hivi wanyama?"

Yusra alikuwa anamimina chai. Akaniwahi kujibu.

"Ni mama, shangazi."

Jamani...

Nikamtazama. Akageukia kikombe kingine. Nikisema kweli, posa inaishia pale pale, na mwanangu anabaki na jina la mwongo Kondoa nzima.

"Ndiyo," nikasema. "Ni mimi. Nilidhani hupendi picha za viumbe."

"Pole," akasema Bi Stara. "Ungeniuliza kwanza. Abdulrazaki alitusimulia kuta zako, nikatamani kuja kuziona. Kuswali ningeswali chumba kingine, kama nilivyofanya. Sijamtuma mtu mkasi."

Posa ikapita. Wageni wakaaga.

Nikamkalisha Yusra, ndipo akasema yote. Shangazi hakuwahi kutamka neno kuhusu picha. Ni yeye aliyeona haya. Kwa wenzake kuna maua ya plastiki na mazulia ya Dubai, kwetu kumefanana na ofisi ya mifugo. Alijua akitaja dini nitanyamaza.

"Hukuwaonea haya ng'ombe," nikamwambia. "Ulinionea haya mimi."



Mzazi mwenzangu, mbele ya wageni mstiri mtoto. Wakishaondoka, funga mlango umwambie ukweli wote, hata kama kesho ni bibi harusi. Mimi nilimwambia, akalia, nikamwacha alie, nikaenda kuosha vikombe.

Mabango sikuyatoa. Yusra sasa ana watoto watatu. Akija kunisalimia hukaa kiti kinachoupa ukuta mgongo.

Wajukuu ndio wanaoniuliza vichwa vimekwenda wapi.

Nawaambia wamuulize mama yao.